Mwongozo Kamili wa Kudhibiti Kelele za Mitambo Mizito katika Migodi ya Makaa ya Mawe ya Chini ya Ardhi

Katika mgodi wa makaa ya mawe, hatari zinazotangulia kutajwa ni gesi, vumbi na kuporomoka kwa paa, na ni haki zitangulie, kwa sababu huua kwa dakika chache. Kelele haiui hivyo. Huharibu seli nyeti za sikio la ndani kidogokidogo kwa miaka, bila maumivu na bila damu, na seli hizo zikishakufa hazioti tena. Uchambuzi wa vipimo vya masikio vya wachimbaji uliofanywa na NIOSH, taasisi ya utafiti wa usalama na afya kazini ya Marekani, na kutolewa mwaka 1996, ulionyesha kwamba takriban asilimia 90 ya wachimbaji wa makaa ya mawe wanapofikia umri wa miaka 50 hivi huwa tayari wana upungufu wa kusikia, ilhali miongoni mwa watu ambao hawakufanya kazi za kelele kiwango hicho ni takriban asilimia 10.

Mwongozo huu umekusudiwa mhandisi wa mgodi, fundi mkuu wa mitambo na afisa usalama, yaani wale wenye mamlaka ya kubadilisha mashine na si kugawa plagi za masikio tu. Mpangilio wake ni kupima kwanza, kisha kumtambua mkosaji mkubwa kati ya vyanzo vyote, kumtibu hapo alipo, kuizuia sauti njiani, kupanga kazi, na mwisho kabisa kukinga masikio. Migodi mingi huanza na hatua ya mwisho kwa sababu plagi hununuliwa kwa siku moja, ilhali mnyororo wa konveya, yaani kibebeo cha makaa, hubadilishwa kwa kusimamisha uzalishaji.

Kabla ya yote: hesabu ya desibeli

Asiyeielewa hesabu ya desibeli atatumia fedha mahali pasipostahili. Ongezeko la 3 dB ni kuongezeka kwa nishati ya sauti mara mbili, na ongezeko la 10 dB ni mara kumi. Kwa hiyo mashine mbili zenye 90 dB kila moja hazileti 180 bali 93, na mashine ya 80 dB ikiwekwa kando ya ile ya 90 dB haiongezi hata nusu ya desibeli. Sauti kubwa humeza ndogo, na kanuni hii itarudi tena na tena hapa chini.

Kuhusu viwango, pendekezo la NIOSH la mwaka 1998 ni 85 dB(A), yaani desibeli zilizorekebishwa kufuata jinsi sikio linavyosikia, kwa zamu ya saa 8, na kila kiwango kinapopanda kwa 3 dB muda unaoruhusiwa hupungua kwa nusu: saa 4 kwa 88, saa 2 kwa 91, saa 1 kwa 94, dakika 30 kwa 97 na dakika 15 kwa 100. Kanuni za migodi za Marekani zilizotolewa mwaka 1999 na kuanza kutumika mwaka 2000 ni legevu zaidi, kwa kuwa zinaruhusu 90 dB(A) kwa saa 8 na kupunguza muda kwa nusu kwa kila 5 dB, ingawa zinadai hatua zianze kuchukuliwa kwenye 85 na zinakataza kabisa kuvuka 115. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2003, umeweka ngazi za 80 na 85 dB(A) za kuchukulia hatua na kikomo cha 87. Timiza sheria ya nchi ulipo, lakini hesabu zako za kihandisi zifanye kwa kanuni ya 3 dB, kwa sababu ndiyo inayofuata nishati halisi inayoingia sikioni.

Hatua ya kwanza: pima mtu, kisha pima mashine

Chombo chochote cha umeme kinachoingia kwenye eneo lenye uwezekano wa gesi lazima kiwe kimeidhinishwa kuwa hakiwezi kutoa cheche wala joto la kuwasha methani, ambayo hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Vipima sauti na vipima dozi vya kawaida havina idhini hiyo, na simu yenye programu ya kupima kelele ndiyo kabisa isishuke. Kagua cheti cha chombo kabla ya kukagua usahihi wake.

Kirekebishe chombo kwa kifaa chenye sauti maalumu, kwa kawaida 94 au 114 dB kwenye hezi 1000, kabla ya zamu na baada yake. Namba hizo mbili zikitofautiana kwa zaidi ya 0.5 dB, tupa vipimo vya siku hiyo. Kipaza sauti cha kipima dozi hukaa begani, sentimita 10 au zaidi kutoka tundu la sikio na kama sentimita 4 juu ya bega, upande ulio karibu zaidi na mashine, kikiwa na sponji yake ya kukinga upepo, kwa sababu mkondo wa hewa ya mgodini ukipuliza kipaza kilicho wazi hutoa namba kubwa za uongo.

Kipima dozi kinasema mtu amepokea kiasi gani kwa siku nzima, lakini hakisemi kelele ilitoka wapi. Hivyo mtu mmoja lazima atembee na mfanyakazi anayepimwa, akiwa na saa na daftari, akiandika kila kazi na muda wake. Bila daftari hilo utabaki na namba moja isiyofundisha kitu.

Chukua mfano wa mfunga boliti za paa, yaani anayechoronga paa la mgodi na kulikaza kwa boliti lisianguke. Katika zamu yake amechoronga kwa saa 2 kwenye 97 dB(A), amekaza boliti na kupanga vifaa kwa saa 2 kwenye 91, amesafiri kwa gari la wafanyakazi kwa saa 1 kwenye 85, na saa 3 zilizobaki amekaa chini ya 80. Kwa kanuni ya 3 dB, ambapo asilimia 100 ndiyo dozi inayoruhusiwa kwa siku, kuchoronga kumempa dozi ya asilimia 400, kukaza boliti asilimia 100 na safari asilimia 12.5, jumla ni asilimia 512.5, sawa na kukaa kwenye takriban 92 dB(A) kwa saa 8 mfululizo. Robo ya zamu imeleta zaidi ya robo tatu ya madhara. Ukitulia na karatasi hiyo unaona mara moja kwamba kulinyamazisha gari la wafanyakazi, hata kama ndilo wanalolilalamikia zaidi, hakutabadilisha chochote cha maana.

Mashine ipimwe ikiwa kazini, siyo karakanani. Juu ya ardhi sauti huenea na kupotea. Mgodini kuta, sakafu na paa huirudisha, na mtu aliye mita chache kutoka kwenye mashine hupokea sauti ya moja kwa moja pamoja na mwangwi wake. Kanuni ya uwanja wazi, kwamba umbali ukiongezeka mara mbili sauti hushuka kwa 6 dB, haifanyi kazi ndani ya njia nyembamba; kushuka huwa kudogo zaidi.

Hatua ya pili: mtenge mkosaji mkubwa

Mashine kubwa ni kundi la vyanzo. Mashine ya kukata mfululizo ina ngoma yenye meno, mikono ya kukusanyia, konveya ya mnyororo, pampu za haidroliki, na mara nyingi feni ya kusafishia vumbi. Washa kila sehemu peke yake, pima kwenye nafasi halisi ya mwendeshaji, kisha jumlisha.

Tuseme umepata 97 kwa konveya, 92 kwa ukataji na 88 kwa feni ya vumbi. Vikifanya kazi pamoja jumla ni takriban 98.6 dB. Sasa linganisha maamuzi mawili. Fundi wa kwanza anaifunga feni kizuia sauti kizuri na kuishusha kwa 10 dB nzima. Jumla inakuwa 98.2, yaani amefanya kazi ya kusifika na hakuna sikio litakaloitambua. Fundi wa pili anaishusha konveya kwa 7 dB tu; jumla inakuwa 95.1, na muda wa salama wa mwendeshaji umeongezeka zaidi ya mara mbili. Baada ya hapo ukataji ndio unaoongoza, na orodha inapangwa upya. Udhibiti wa kelele huenda hivyo, kwa zamu: unamtibu mkubwa, unapima, unamtafuta mkubwa mpya.

Pale unapoweza, pima pia masafa. Kelele iliyokusanyika kwenye masafa mamoja kwa kawaida ina mzizi mmoja unaotambulika kwa hesabu. Feni yenye mapanga 12 inayozunguka mara 1480 kwa dakika hutoa mlio wa hezi 296, kwa kuwa 12 ikizidishwa kwa 1480 na kugawanywa kwa 60 ndiyo inayotoa namba hiyo. Ukiona kilele hapo, huna haja ya kubahatisha.

Hatua ya tatu: tibu chanzo

*Konveya ya mnyororo kwenye mashine ya kukata mfululizo.* Hapa ndipo penye faida kubwa, na utafiti wa NIOSH kuhusu mashine hizi uliitaja konveya kuwa chanzo kikuu cha kelele anayopokea mwendeshaji. Mnyororo huburuta pau za chuma juu ya bamba la chuma. Kila pau inapopita kwenye kiungo cha bamba, inapopanda mahali bamba linapopinda, na inapozunguka rola ya mwisho, hugonga. Na bamba lote, kwa kuwa ni pana na jembamba, hulia kama ngoma. Makaa yenyewe hutuliza mgongano huo, ndiyo maana konveya inayozunguka tupu hupiga kelele ya bure. Kwa hiyo agizo la kwanza halina gharama: mwendeshaji aizime konveya wakati wa kungoja gari la kubebea makaa.

Baada ya hapo yako marekebisho matatu ya kimitambo. La kwanza ni kuzivika pau ngozi nene ya poliurethani ngumu, ili chuma kisikutane na chuma. La pili ni mnyororo wa sproketi (magurudumu yenye meno) mbili, ambao una viungo vifupi zaidi na hushikwa mahali pawili kwa wakati mmoja, hivyo huenda kwa ulaini badala ya kurukaruka. Yote mawili yamejaribiwa chini ya ardhi na kupunguza kelele anayopokea mwendeshaji. La tatu ni kulitibu bamba lenyewe kwa tabaka la kufifisha mtetemo, yaani kubandika utando mzito unaonyumbuka kati ya bamba na bamba jingine jembamba la chuma, ili mtetemo ugeuke joto badala ya sauti. Utando ulioachwa wazi huchunwa na makaa mapema. Uliobanwa kati ya mabamba mawili hudumu.

Ngozi ya poliurethani hulika. Ikaguliwe kila wiki kwenye kingo za pau, kwa sababu inapochanika upande mmoja chuma hurudi kugonga na faida yote hupotea kimyakimya. Ukazaji wa mnyororo nao una uzito wake: uliolegea hupiga bamba kwa juu na kwa chini, na uliokazwa kupita kiasi hula rola na beringi. Fuata kipimo cha mtengenezaji, si mazoea ya fundi.

*Ngoma ya kukatia.* Meno butu hudai nguvu zaidi, hutetemesha mashine zaidi na hutoa vumbi zaidi, hivyo meno mapya ni dawa ya mambo matatu kwa pamoja. Mzunguko wa polepole unaokata kwa kina zaidi hutoa kelele na vumbi kidogo kuliko mzunguko wa kasi unaokwangua juujuu. Mwendeshaji anayetumia rimoti aelekezwe kusimama nyuma, nje ya eneo la mzunguko wa mkono wa konveya. Sababu ya kwanza ni kwamba asibanwe na mashine, na kelele inafuata baadaye.

*Mashine ya kufunga boliti za paa.* Wengi hudhani kelele hutoka kwenye mota. Hutoka hasa kwenye fimbo ya kuchorongea. Biti, yaani ncha inayochimba, inapokata mwamba hutetema, mtetemo huo hupanda na kushuka kwenye fimbo, na fimbo ndefu ya chuma iliyo wazi kati ya paa na kichwa cha mashine huutangaza kwa urefu wake wote, karibu kabisa na masikio ya mtu aliyesimama kandoni. Suluhisho lililotengenezwa na NIOSH pamoja na watengenezaji ni kukata njia ya mtetemo: kiungo chenye mpira kati ya biti na fimbo, na kingine kati ya fimbo na kishikio chake, vyote vikiwa na uwezo wa kupitisha nguvu ya kuzungusha huku vikizuia mtetemo. Kimoja husaidia, viwili husaidia zaidi.

Kuchoronga kwa maji au ukungu wa maji hupunguza kelele na huua vumbi la silika kwa wakati huohuo. Pale sakafu isipoharibika kwa maji, sioni sababu ya kutoifanya kuwa njia ya kawaida. Kasi ya mzunguko na nguvu ya kusukuma zirekebishwe kulingana na mwamba, kwa kuwa biti inayozunguka kasi bila kusukumwa vya kutosha husugua na kupiga yowe badala ya kukata. Fimbo iliyopinda itupwe. Kama mashine hunyonya vumbi kwa pampu ya utupu, toleo la hewa la pampu hiyo linahitaji kizuia sauti chake, na kizuia hicho hujaa vumbi.

*Drili za mkono za hewa iliyobanwa.* Hizi huweza kuvuka 110 dB(A) sikioni mwa mtumiaji. Kizuia sauti kwenye toleo la hewa hupunguza, lakini hewa inayotanuka hupoa na barafu huziba matundu, mtumiaji akakasirika na kukiondoa. Ushauri wangu ni kubadilisha kifaa kwa cha haidroliki, na kutumia fedha za kizuia sauti hapo.

*Feni.* Kelele ya feni hupanda kwa kasi kubwa mno kadiri mwendo unavyoongezeka: kupunguza mzunguko kwa asilimia 20 hushusha kelele kwa karibu 5 dB, lakini hupunguza pia hewa kwa asilimia 20. Mtu asithubutu kupunguza hewa inayosukuma methani kwa ajili ya ukimya. Njia sahihi ni feni kubwa inayozunguka polepole na kutoa hewa ileile. Feni saidizi iwekwe mahali ambapo hewa inaingia moja kwa moja bila kukata kona mbele ya mapanga, kwa sababu hewa iliyovurugika huongeza mlio. Vizuia sauti viwekwe pande zote mbili, wa kuingilia na wa kutokea, vikiwa na pamba ya madini iliyofunikwa kwa bamba lenye matundu, na vioshwe kwa ratiba. Vikijaa vumbi huacha kufyonza sauti na huanza kuziba hewa.

*Mkatio mrefu.* Kwenye uso wa kukatia wenye mashine ya kukata inayokwenda huku na huko, usiangalie mashine hiyo pekee. Kipakizi cha mwisho wa uso na kiponda makaa kilicho juu yake hupiga kelele zamu nzima na watu hupita hapo. Kiponda kifunikwe, na mdomo wake uning'inizwe mapazia mazito ya mpira. Waendeshaji wakae upande unakotoka hewa, mahali ambapo vumbi nalo ni dogo.

*Sehemu za kumwagia makaa.* Nishati ya mgongano hulingana na kimo cha kuanguka: kimo kikipunguzwa kwa nusu, nishati nayo hupungua kwa nusu, takriban 3 dB. Punguza kimo, kisha tandika mpira ndani ya chuti.

*Mitambo ya dizeli.* Ekzosi yenye kizuia sauti kinacholingana na kizuia miali, na vifuniko vya injini vilivyotandikwa kifyonza sauti ndani. Tahadhari moja inatosha: kifuniko kinachoziba hewa ya kupoza hupandisha joto la nje la injini, na vumbi la makaa linalotulia juu ya kitu cha moto huungua. Viwango vya kimataifa vya vifaa vya umeme vya migodini vimeweka nyuzi 150 za Selsiasi kuwa kikomo cha uso wowote ambao vumbi la makaa linaweza kutanda. Itumie namba hiyo kama mpaka wako wa kufikiria hata kwa mashine nyingine.

Hatua ya nne: zuia sauti njiani

Vizuizi, mapazia, vibanda na kabini huja baada ya chanzo kutibiwa, na vyote hushindwa kwa sababu ileile: matundu. Kabini yenye ukuta bora duniani, ikiwa na uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake, haiwezi kupunguza zaidi ya 20 dB. Uwazi ukifika asilimia 10 kikomo ni 10 dB. Dirisha lililovunjika, au mlango uliofungwa kwa waya kwa sababu kiyoyozi hakifanyi kazi, hugeuza kabini kuwa mapambo. Kwa hiyo mtu anayetaka kabini itumike aanze kwa kutengeneza kiyoyozi.

Katika matabaka membamba ya makaa hakuna nafasi ya kabini. Hapo tumia kizuizi kidogo kati ya mwendeshaji na chanzo, chenye upande unaofyonza ukielekea kwenye kelele, huku ukipima kama hakimzibi kuona watu na magari. Mitambo iliyosimama, kama kompresa, pampu na vichwa vya mikanda, yafaa kufungiwa ndani ya vibanda vyenye njia za hewa zilizopindishwa na kutandikwa ndani.

Kwenye vifaa vyenyewe vya kufyonzea sauti ndipo wanapojikwaa waliojifunza udhibiti wa kelele viwandani. Sponji ya kawaida ya kufyonza sauti huungua na kutoa moshi wenye sumu, na chini ya ardhi moshi hauna pa kwenda ila kwenye njia ya watu. Sponji iliyo wazi hunywa mafuta na kukusanya vumbi la makaa mpaka inakuwa kuni. Chagua vitu vilivyothibitishwa kutoshika moto na kutokusanya umemetuli, na uvifunike kwa utando mwembamba usiopitisha mafuta wala maji. Mabamba ya alumini, yanayopendwa kwa wepesi wake, yana hatari ya pekee: yakigongana na chuma chenye kutu huweza kutoa cheche za moto mkali, na ndiyo maana kanuni za migodi yenye gesi hubana matumizi ya metali nyepesi. Tumia chuma. Na kila badiliko kwenye mashine iliyoidhinishwa kwa maeneo ya gesi lazima lipitie kwa mtengenezaji au mamlaka iliyotoa idhini. Kutoboa tundu moja la skrubu kwenye boksi la umeme lisilopitisha moto huifuta idhini nzima.

Hatua ya tano: panga kazi na matengenezo

Kubadilishana watu kwenye mashine yenye kelele hupunguza dozi ya mmoja na kuigawa kwa wengine. Kumpunguzia mtu muda kwa nusu humshushia 3 dB tu, na kumweka mtu mpya kwenye mashine asiyoizoea kuna hatari zake. Itumie njia hii kwa muda, huku matibabu ya chanzo yakisubiriwa.

Matengenezo, kwa upande mwingine, hudharauliwa isivyostahili. Gia zilizolika, beringi kavu, vifuniko vilivyopoteza boliti na rola zilizokwama huongeza desibeli ambazo mashine haikuja nazo. Weka kipimo cha kelele cha kila mashine siku ilipoanza kazi, na kupanda kwa 3 dB juu ya kipimo hicho kuwe sababu ya kuiita kwa fundi. Mara nyingi sikio la kipima sauti hugundua beringi inayokufa kabla ya kipimajoto.

Unapoagiza mashine mpya, weka kiwango cha kelele ndani ya mkataba wa ununuzi, ukitaja njia ya upimaji kwa mujibu wa viwango vya ISO, shirika la kimataifa la viwango, na hali ya mashine wakati wa kupimwa, kwa kuwa muuzaji akiachiwa atakupimia mashine tupu kwenye uwanja wazi.

Hatua ya sita: kinga masikio, kwa tahadhari

Kinga hutolewa tangu siku ya kwanza, maana masikio hayawezi kusubiri mnyororo mpya, lakini thamani yake ihesabiwe kwa uaminifu. Namba ya upunguzaji wa kelele iliyoandikwa kwenye pakiti hupatikana maabarani. NIOSH ilishauri ipunguzwe kwa asilimia 25 kwa vikombe vya masikio, asilimia 50 kwa plagi za sponji zinazofinywa, na asilimia 70 kwa plagi nyingine. Muda wa kuvaa una nguvu kuliko namba hiyo: anayeivua kinga kwa dakika 48 katika zamu ya saa 8 hawezi kupata zaidi ya 10 dB za ulinzi, na anayeivua kwa nusu ya zamu hapati zaidi ya 3, hata kama ingekuwa kinga ya ajabu.

Plagi za sponji hufinywa kwa vidole, na vidole vya mchimbaji vina vumbi la makaa. Zipatikane penye maji ya kunawia au zichaguliwe zenye shina la kushikia. Vikombe vilivyoshikizwa kwenye kofia ngumu vikaguliwe kama mkanda wa miwani hauviachii nafasi ya kupitisha sauti. Kanuni za Marekani zinadai plagi na vikombe kwa pamoja pale wastani wa saa 8 unapovuka 105 dB(A).

Kuziba kupita kiasi nako ni kosa. Paa la mgodi husema kabla ya kuanguka. Wachimbaji wazoefu husikiliza mlio wake, na aliyezibwa kabisa hausikii. Lenga sikio lipokee kati ya 75 na 80 dB(A) chini ya kinga. Ishara za hatari ziwe angalau 15 dB juu ya kelele ya mahali hapo, na ziambatane na taa. Vikombe vya kielektroniki vinavyopitisha sauti ndogo na kuzuia kubwa vinafaa sana, ila navyo ni vifaa vya umeme na vinahitaji idhini ya kuingia kwenye gesi.

Hatua ya saba: pima masikio, kisha rudi kwenye mashine

Kila mfanyakazi apimwe usikivu anapoanza kazi, baada ya kupumzika mbali na kelele kwa saa 14 au zaidi, kisha kila mwaka. Dalili ya mwanzo ya madhara ya kelele ni bonde kwenye grafu karibu na hezi 4000, wakati mhusika bado anaamini anasikia vizuri. Chini ya kanuni za Marekani, wastani wa usikivu kwenye hezi 2000, 3000 na 4000 ukishuka kwa 10 dB au zaidi katika sikio lolote huhesabiwa kuwa badiliko la kushughulikiwa.

Badiliko hilo likitokea, mazoea ya ofisini ni kumpa mhusika plagi mpya na karatasi ya kusaini. Badala yake fungua daftari la kazi zake, tafuta mashine aliyoiendesha zaidi mwaka huo, shuka ukaipime tena ikiwa inafanya kazi, na uangalie kama ngozi ya poliurethani ingali kwenye pau, kama viungo vya mpira vingali kwenye fimbo, na kama boliti za kifuniko zimetimia. Kisha waangalie wenzake waliofanya kazi kwenye mashine hiyohiyo, hata kama vipimo vyao bado havijashuka.